Maua, Mabua na Swali la Kutoroka

Wasee, leo nawaletea stori ya mwaka 1819, lakini wacha nianze na yangu kidogo ndio mjue nilifikaje huko.

Oktoba ya 2024 nilikuwa naamka kabla ya saa kumi na moja, napanda matatu ya kwanza hadi tao, halafu natembea mpaka State House Road kupiga picha jakaranda. Kama umeishi Nairobi unajua hiyo miezi. Miti inageuka zambarau yote, maua yanaanguka mpaka lami haionekani. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka mmoja kabla ya hapo, nikiwa mwaka wa pili, na mathe alikuwa bado anaambia watu wa kanisani kwamba niko likizo ndefu. Doo sikuwa nayo. Nilikuwa na simu ya mtumba yenye kamera nzuri na imani kwamba nikipiga picha za kutosha, kitu kitatokea.

Siku moja nikaonyesha rafiki yangu hizo picha. Huyu si rafiki wa mbali. Juni 25 mwaka huo tulikuwa naye tao kupinga Mswada wa Fedha, tukakimbia pamoja risasi zilipoanza, na jioni ndio tukajua kuna vijana wa rika letu ambao hawatarudi nyumbani. Akapitisha picha moja baada ya nyingine bila kusema kitu. Akanirudishia simu, akasema, "Buda, wewe umezoea kutoroka. Ulitoroka chuo, sasa unatoroka nchi. Watu wanazika watoto na wewe uko na maua."

Sikuwa na jibu. Nilienda nyumbani nikiwa na hasira, na kama mtu yeyote mwenye hasira nikaanza kutafuta mtu maarufu wa kunitetea. Ndio nikamkumbuka John Keats.

Shule ya upili tulisomeshwa shairi lake kuhusu majira ambayo majani hupukutika huko Uingereza, "To Autumn". Mwalimu wetu hakuwa ameyaona hayo majira, na sisi pia hatukuwa tumeyaona. Hata Kiswahili kinatupa shida hapo. Ukiangalia kamusi nyingine, watakupa neno "vuli", lakini kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati vitu vinachipuka. Wengine wanasema majira ya mapukutiko. Kwa wale wanaoishi kaskazini, kuanzia Septemba mchana unafupika, baridi inaingia polepole, mavuno yanakamilika, na miti inaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani. Kijani kikiisha, njano iliyokuwa imejificha ndani ya jani tangu mwanzo inaonekana. Halafu jani linaanguka. Ni wakati wa shibe na wa kuaga, vyote kwa mpigo.

Nilikuwa nakumbuka hilo shairi kama kitu cha matufaha na nyuki. Nikafikiri, sawa, huyu ni msee wangu, aliandika maua na dunia ikamheshimu. Kumbe sikuwa najua hata nusu.

Keats alizaliwa London tarehe 31 Oktoba 1795. Baba yake alikuwa anasimamia zizi la kukodisha farasi, akafa mwaka 1804 baada ya kuanguka kutoka kwa farasi. Mama yake akafa 1810, Keats akiwa na miaka 14. Mlezi wake wa kisheria, mfanyabiashara wa chai aitwaye Richard Abbey, akamtoa shule na kumpeleka kuwa mwanagenzi wa tabibu. Oktoba 1815 akajiunga na Guy's Hospital, London. Huko alikuwa anasaidia madaktari wa upasuaji na kufunga vidonda, na hizo ni siku ambazo nusukaputi ilikuwa haijavumbuliwa. Mgonjwa anakatwa mguu akiwa macho, watu wamemshika. Julai 1816 Keats akafanya mtihani, akapita, akapata leseni ya kutibu na kuuza dawa.

Halafu akaacha. Akasema yeye ni mshairi. Abbey alikasirika sana, na ukweli ni kwamba mzazi yeyote wa Kenya angekasirika vivyo hivyo.

Lakini hapo wacha niwe mkweli, maana hii hadithi huwa tunaitumia vibaya. Wale tuliotoka chuo tunapenda sana orodha ya watu walioacha masomo wakafanikiwa. Keats hawezi kukaa vizuri kwenye hiyo orodha. Yeye alimaliza. Alikuwa na karatasi mkononi alipoondoka. Mimi niliondoka bila hata kufanya mitihani ya muhula. Tofauti hiyo ilinichoma nilipoisoma, na bado inanichoma.

Na maisha hayakumnyookea baada ya hapo. Mwaka 1818 alitoa shairi refu, "Endymion", na majarida makubwa yakamrarua. Moja lilimwambia wazi kabisa arudi kwenye duka lake la dawa. Mwaka huo huo ndugu yake George akahamia Marekani. Ndugu yake mdogo, Tom, akaugua kifua kikuu, na Keats ndiye aliyemuuguza kwenye chumba kilichofungwa mpaka akafa tarehe 1 Desemba 1818. Tom alikuwa na miaka 19.

Sasa tufike 1819, na hapa ndio rafiki yangu anaingia.

Uingereza ya wakati huo ilikuwa na hasira. Vita na Ufaransa vilikuwa vimeisha 1815, wanajeshi wamerudi hawana kazi. Mwaka huo huo Bunge la wenye mashamba likapitisha sheria ya kuzuia nafaka ya bei nafuu kutoka nje, kwa hivyo mkate ukabaki ghali. Aprili 1815 volkano ya Tambora ililipuka kule Indonesia, vumbi lake likafunika anga, na 1816 Ulaya ikakosa kiangazi. Mazao yakaoza. Juu ya yote, watu wengi hawakuwa na kura. Manchester, mji mkubwa wa viwanda, haukuwa na mbunge wake hata mmoja.

Tarehe 16 Agosti 1819, watu kama 60,000 wakakusanyika kwenye uwanja wa St Peter's Field, Manchester, kudai haki ya kupiga kura. Walikuja na familia zao, wengi wamevaa nguo za Jumapili. Msemaji mkuu alikuwa Henry Hunt. Mahakimu wakatuma askari wapanda farasi wakiwa na panga. Inakadiriwa watu 18 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Watu wakaliita tukio hilo Peterloo, kwa kejeli, wakichezea jina la Waterloo, vita ambavyo Waingereza walikuwa wanajivunia. Baadaye serikali ikaongeza sheria za kubana mikutano na magazeti. Kama unahisi umeiona hii filamu mahali, si wewe peke yako.

Keats wakati huo alikuwa anaishi kwa mikopo ya marafiki. Tangu Agosti alikuwa amehamia Winchester, mji mdogo kusini mwa Uingereza, kwa sababu alitaka utulivu wa kuandika. Septemba ikaja barua kutoka Marekani: George amepoteza pesa zake kwenye biashara ya meli ya mvuke, anaomba msaada. Keats akakimbia London kuona kama Abbey angetoa chochote. Na tarehe 13 Septemba, akiwa London, Henry Hunt akaingia mjini kwa maandamano ya ushindi, akiwa nje kwa dhamana. Keats aliona umati huo. Alimwandikia George kwamba ilikadiriwa watu 30,000 walijaa barabarani, na kwamba kueleza yote kungemaliza siku nzima.

Alirudi Winchester tarehe 15. Jumapili ya tarehe 19 akatoka kutembea.

Hesabu hizo siku. Kutoka kwenye umati hadi kwenye shairi ni siku sita.

Alikuwa na njia yake ya kila siku, anapita karibu na kanisa kuu na chuo cha Winchester, halafu malisho kando ya mto Itchen kuelekea St Cross. Siku mbili baadaye alimwandikia rafiki yake Reynolds akimweleza hiyo matembezi. Alisema hajawahi kupenda mashamba ya mabua kama siku hiyo. Mabua, yaani visiki vya ngano vilivyobaki baada ya kuvuna. Kwake yalionekana kuwa na joto, kama picha fulani za rangi zinavyoonekana kuwa na joto, na akayapenda kuliko kijani baridi cha wakati wa kuchipua. Kilichomgusa ni hicho, shamba ambalo limeshavunwa. Hakuna mtu anayesimamisha gari kupiga picha shamba la mabua.

Shairi lenyewe lina beti tatu, mistari 33. Nililisoma tena usiku huo mara nyingi, na kuna vitu vitatu mwalimu wetu hakutuonyesha.

Cha kwanza: hakuna "mimi" ndani yake. Hata mara moja. Kijana wa miaka 23, amefiwa na wazazi na ndugu, amefilisika, ametukanwa magazetini, na hajiweki kwenye shairi. Fikiria hiyo leo, siku hizi zetu ambapo hata machweo ya jua lazima uso wangu uwe mbele. Sisemi hana huzuni. Ubeti wa mwisho umejaa sauti: visubi wanalia kama walio matangani, kondoo wanalia, nyenje wanaimba, na mbayuwayu wanakusanyika angani tayari kuondoka. Mbayuwayu wa Uingereza wengi huvuka Sahara hadi Afrika Kusini. Keats aliwaacha tu wakiwa wanakusanyika, shairi likaisha hapo. Wale wasomaji wake wanaojua kuhusu Tom wanaelewa bila kuambiwa.

Cha pili: mkono wa daktari. Alikuwa amefundishwa kutazama mwili uliolala mbele yake bila kugeuza macho, na ndivyo anavyotazama msimu unaokufa. Anaona kimoja kimoja, mung'unye unavyovimba, njugu zinavyojaa, tone la mwisho linavyotoka kwenye mashine ya kukamulia matufaha. Kwa hivyo sidhani aliacha chochote alichojifunza hospitalini. Alikibeba. Na hakungoja hisia zimshukie tu. Rasimu ya kwanza ipo mpaka leo, katika Chuo Kikuu cha Harvard, na imejaa maneno yaliyokatwa na kuandikwa upya.

Cha tatu ndicho kilinikamata koo. Kwenye ubeti wa pili anayapa majira mwili wa mtu, na huyo mtu ni mfanyakazi. Ameketi ghalani, amesinzia kwenye mtaro uliovunwa nusu, na mahali pengine anavuka kijito akiwa na mzigo kichwani, kama mwokota masazo.

Mwokota masazo namjua. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaenda kwa nyanya yangu upande wa Kitale wakati wa likizo ya Desemba. Mashine ikishavuna mahindi kwenye shamba kubwa la jirani, nyanya alikuwa anatuamsha alfajiri twende kuokota yaliyobaki. Tunainama mpaka mgongo unakataa. Kuna mwaka mlinzi alitufukuza na mbwa, akasema masazo pia ni mali ya mwenye shamba. Nyanya alibeba gunia lake nusu kichwani bila kugeuka nyuma. Sijawahi kupiga picha ya kitu kama hicho, na sitakisahau.

Uingereza nako hivyo hivyo. Kwa karne nyingi maskini walikuwa wanaokota masazo baada ya mavuno, ni desturi iliyo kwenye Biblia, kitabu cha Ruthu. Lakini mwaka 1788, kwenye kesi ya Steel na Houghton, mahakama iliamua kwamba hakuna haki ya kisheria ya kuokota kwenye shamba la mtu. Desturi iliendelea sehemu nyingi, ila kuanzia hapo mwenye shamba aliweza kukushtaki. Kwa hivyo Keats anapomweka mwokota masazo katikati ya shairi la shibe, mwezi mmoja baada ya Manchester, na mkate uko bei hiyo, siwezi kusema alikuwa amefunga macho. Anamwonyesha mtu ambaye yale mavuno si yake.

Sasa nisijipendelee. Wako wasomi wanaosema tofauti. Wanasema hili shairi ni kutoroka, kwamba uzuri wake unafunika damu ya mwaka huo, na hakuna mstari hata mmoja unaotaja Manchester. Hiyo hoja ni ya rafiki yangu kabisa, ila imevaa tai. Na kuna mtu wa kulinganisha naye. Percy Shelley, ambaye alifukuzwa Oxford mwaka 1811, alikuwa Italia habari za Peterloo zilipomfikia mapema Septemba. Akaandika shairi kali la hasira, "The Masque of Anarchy", akawataja viongozi kwa majina. Rafiki yake mhariri aliogopa kulichapisha. Lilitoka mwaka 1832, Shelley akiwa amekufa miaka kumi. Lakini huyo huyo Shelley, Oktoba ya 1819, alikuwa kwenye msitu karibu na Florence akitazama upepo ukipeperusha majani makavu, na akaandika "Ode to the West Wind", shairi la majani ambalo pia ni la mapinduzi. Majira yale yale. Mmoja alisikia upepo, mwingine aliona mabua.

Kilichonifanya niache kumtumia Keats kama wakili ni barua nyingine. Tarehe 22 Septemba, siku tatu baada ya yale matembezi, alimwandikia rafiki yake Dilke kwamba anatumaini kabla hajafa ataweza kuchangia hata kidogo upande wa wapenda mageuzi. Alikuwa anapanga kurudi London kutafuta kazi ya kuandikia magazeti. Yaani hakudhani shairi limemaliza deni lake. Alijua bado anadaiwa.

Hakupata muda. Februari 1820 alikohoa damu kitandani. Kwa mujibu wa rafiki yake Charles Brown, Keats aliomba mshumaa, akaangalia rangi ya ile damu, na kwa sababu alikuwa amesomea udaktari akajua hapo hapo kwamba ni kifo. Shairi lilichapishwa kwenye kitabu chake cha mwisho, Julai 1820. Septemba akapanda meli kwenda Italia kutafuta hali ya hewa ya joto. Alifia Roma tarehe 23 Februari 1821, miaka 25, akiamini ameshindwa. Aliomba jina lake lisiandikwe kaburini, na mpaka leo halipo kwenye jiwe lake.

Basi nikarudi kwa picha zangu. Nilikuwa nazo zaidi ya mia tatu. Nikaanza kuangalia zile za asili, kabla sijazikata pembeni na kuzisafisha. Na manze, kwenye nyingi ya hizo kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye koti la kijani linalong'aa na ufagio mrefu. Alikuwa pale kila asubuhi kabla yangu, anafagia yale maua ninayoyaita uzuri wa Nairobi. Kwake ni takataka inayorudi kila siku. Nilikuwa nimemkata kwenye kila picha. Yeye, toroli lake, na mara moja kivuli chake tu, ambacho nilikifuta kwa kidole.

Hapo ndio nikampa rafiki yangu jibu, na halikuwa lile nililokuwa nalitafuta. Nilimwambia alikuwa sahihi nusu. Kutazama mti si kutoroka. Kumfuta aliye chini ya mti ndio kutoroka. Akacheka, akaniambia nimetumia Mzungu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita kukubali kosa. Ni kweli.

Wiki iliyofuata nilirudi State House Road bila kutoa simu mfukoni. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaniambia maua yakilowa yanateleza sana, kuna siku yalimwangusha akaumia kiuno, na kwamba yeye anapenda Januari, wakati miti inakuwa ya kijani tu na mgongo unapumzika. Nilimuuliza kama naweza kumpiga picha akifanya kazi. Akafikiria, akasema sawa, lakini uso usionekane, na nisubiri amalize kipande chake kwanza maana msimamizi alikuwa njiani.

Nikasubiri kando ya barabara kama nusu saa. Ndio picha ya kwanza mwaka huo ambayo sikuikata mahali popote.

Kuhusu chuo, bado sijui kama niliondoka vizuri. Mathe sasa anaambia watu wa kanisani ukweli, kwamba kijana wake anapiga picha, na akisema hivyo sauti yake inashuka kidogo. Sitawadanganya kwamba Keats amenipa ruhusa. Ila wewe uliye na kalamu, kamera ama gitaa, na unaona aibu kwamba moyo wako unavutwa na miti wakati nchi inauma, nenda kaitazame hiyo miti. Kaa hapo mpaka umwone aliyefika kabla yako na ufagio.